Tawi Analolirudia Keremkerem

Keremkerem hawindi kwa kuzurura. Huchagua tawi kavu lililo wazi, au waya wa simu, au ncha ya tete kando ya maji, akatulia hapo huku kichwa kikigeuka huku na huku. Akipita nyuki au kereng'ende, anachomoka, anamnasa hewani kwa mdomo wake mrefu uliopinda kidogo, kisha anarudi, na mara nyingi anarudi kwenye tawi lile lile. Kadiri ninavyofuatilia historia ya picha za ndege huyu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tabia hiyo moja ndiyo iliyozaa karibu kila picha nzuri yake tuliyo nayo, tangu enzi ya mabamba ya kioo hadi leo ambapo kamera inalitafuta jicho la ndege yenyewe bila kuelekezwa.

Familia yake, ambayo wataalamu huiita Meropidae, ina spishi zinazokaribia 30, na nyingi ni za Afrika. Sisi wa Afrika Mashariki tumejaliwa. Kwenye nyanda za juu za Lushoto, Arusha na Limuru yupo mwenye kifua cha rangi ya mdalasini. Kwenye nyasi na vichaka vya karibu kila wilaya yupo yule mdogo wa koo la njano. Kingo za mto Rufiji na za Bonde la Ufa zina yule mwenye paji jeupe na koo jekundu. Kati ya Novemba na Aprili, pwani ya Kenya na Tanzania hupokea makundi ya wale wenye mwili mwekundu uliokolea na kichwa cha kijani kinachoelekea buluu, ambao jioni huenda kulala kwenye mikoko, na Mida karibu na Watamu ni mojawapo ya malazi yao yanayojulikana sana. Wengine hupita juu tu, wakitoka Ulaya na Asia kwenda kusini, nasi huwatambua kwa sauti kabla ya kuwaona.

Watu wa kwanza kuandika habari zake walikuwa na ugomvi naye. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, anasema wafuga nyuki wa Ugiriki walibomoa viota vya mbayuwayu na vya keremkerem vilivyokuwa karibu na mizinga. Anaeleza pia kwamba ndege huyu hutaga shimoni, kwenye ukingo wa udongo laini, na anataja habari aliyoisikia kwa watu kwamba makinda wake huwalisha wazazi wao. Waandishi waliomfuata, Aelian akiwamo, waliigeuza habari hiyo kuwa fundisho la watoto kuwaheshimu wazazi. Nitairudia mbele, kwa sababu mtu aliyeisimulia kwanza, ambaye nadhani alikuwa mfuga nyuki au mchungaji aliyezoea kukaa chini ya gema, alikuwa ameona jambo la kweli ingawa hakuliona lote.

Baada ya hapo ziliingia karne ambazo, ili ndege ajulikane, ilibidi afe kwanza. Mtaalamu wa viumbe Linnaeus alimpa keremkerem wa Ulaya jina la kisayansi mwaka 1758, na tangu hapo kazi ya kuwatambua ndugu zake ilifanywa kwa bunduki. Ndege alipigwa, akachunwa, ngozi ikapakwa aseniki ili wadudu wasiitafune, ikajazwa pamba, na mguuni kikafungwa kikaratasi chenye tarehe na mahali. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa François Levaillant, aliyewahi kusafiri Afrika Kusini, alitoa vitabu vikubwa vya picha za keremkerem na vya kambu, ndege mwingine wa rangi nyingi anayewinda wadudu kutoka tawini, vikiwa na michoro ya Jacques Barraband. Hadi leo ni vigumu kupata michoro inayoonyesha vizuri kuliko hiyo jinsi kijani kinavyoingia kwenye buluu mgongoni.

Upande wetu, jina linalobaki ni la Richard Böhm, kijana Mjerumani aliyefika bara mwaka 1880 na kufanya kazi upande wa Tabora. Ngozi alizopeleka Berlin zilimwezesha mtaalamu wa ndege Anton Reichenow kumtangaza keremkerem mpya mwaka 1882, mwembamba, mwenye utosi wa kahawia nyekundu na manyoya mawili marefu mkiani, na akampa jina la Böhm. Miaka miwili baadaye Böhm alifariki Katanga kabla hajatimiza miaka 30. Wakati huo huo huko London, Henry Dresser alikuwa akitayarisha kitabu kizima juu ya familia hii, kilichotoka kati ya 1884 na 1886, na Mholanzi J. G. Keulemans ndiye aliyechora. Ni kitabu cha thamani kubwa, lakini ukikitazama kwa makini utagundua kwamba karibu ndege wote wametulia, mabawa yamefungwa, mkia umenyooka. Mchoraji hakuwa na namna. Alichokuwa nacho mezani ni ngozi isiyo na misuli, na kwenye tundu la jicho, ambalo kwa ndege hai wa aina nyingi lina duara jekundu linalong'aa, kilikuwapo kipande cha pamba. Rangi ya jicho aliisoma kwenye kikaratasi cha mguuni, kama mkusanyaji alikumbuka kuiandika.

Buluu yenyewe ina siri yake. Katika manyoya ya keremkerem na ya kambu hakuna chembe za rangi ya buluu. Ndani ya vijiti vidogo vya unyoya mna muundo kama wa sifongo wenye vishimo vidogo mno, na muundo huo ndio unaotawanya mwanga hadi jicho letu likaona buluu. Kwa hiyo buluu ile hubaki kwenye ngozi ya makumbusho miaka na miaka, na kwa sababu hiyo hiyo humsumbua mpiga picha, kwani kambu aliyepigwa na jua la saa mbili asubuhi na kambu yule yule kivulini ni kama ndege wawili.

Upigaji picha ulipotangazwa duniani mwaka 1839, ndege waliachwa nje. Bamba lilihitaji muda mrefu wa mwanga, na ndege hatulii. Mmoja wa waliouvunja ukuta huo hakuwa anatafuta uzuri. Étienne-Jules Marey, mtaalamu wa fiziolojia wa Ufaransa, alitaka kujua bawa linavyokwenda, na mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, ya kulengwa begani, iliyochukua picha 12 kwa sekunde. Picha zake ni vivuli tu vya ndege, lakini ni mara ya kwanza bunduki iliyoelekezwa kwa ndege anayeruka haikumwangusha. Kule Uingereza, ndugu wawili wa Yorkshire, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota vya ndege wa Uingereza kilichojaa picha zilizopigwa porini. Ili wawasogelee ndege walijificha hata ndani ya ngozi ya ng'ombe dume iliyotengenezwa ikawa tupu ndani. Watu hucheka wakisikia habari hiyo. Mimi naiheshimu, kwa sababu hapo ndipo mpiga picha alipokubali kwanza kwamba yeye ndiye wa kubadilika, ndege aachwe alivyo.

Afrika Mashariki kamera ilikuja na simba. Carl Georg Schillings alitega kamera usiku kwenye mbuga za Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai, akimulika kwa unga wa magnesiamu, na kitabu chake cha 1905 kikawashangaza Wazungu kwa wanyama waliokutwa gizani. Cherry Kearton alikuja na kamera ya filamu mwaka 1909, wakati Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, akisafiri Kenya na Uganda na msafara uliorudi na maelfu ya ngozi za ndege kwa ajili ya makumbusho. Filamu na bunduki vilipita njia moja mwaka mmoja. Lakini hata waliobeba kamera hawakuwa na haja na ndege wa kukaa kiganjani. Walibeba vioo vizito, wapagazi walilipwa kwa mzigo, na hakuna aliyetaka kupoteza kioo kwa kiumbe ambaye kwenye picha nyeusi na nyeupe angeonekana kama shomoro mwenye mdomo mrefu.

Hapo ndipo ilipokuwa shida ya keremkerem. Kumpiga picha bila rangi ni kumnyang'anya nusu ya utambulisho wake.

Rangi ilipatikana kwa hatua za kobe. Ndugu wa Lumière waliuza mabamba ya Autochrome kuanzia 1907, yaliyotumia punje za wanga wa viazi zilizopakwa rangi, lakini hata kwenye jua kali yalitaka sekunde nzima au zaidi. Mwaka 1936 Kodak ilitoa Kodachrome kwa kamera ndogo za milimita 35, na mtu wa kawaida akaweza kutembea na filamu ya rangi shingoni. Uwezo wake wa kupokea mwanga ulikuwa takribani ASA 10. Kwa lugha ya kazi, mpiga picha aliyesimama juani na lenzi ndefu iliyofunguliwa f/5.6 alilazimika kuacha shata wazi kama 1/80 ya sekunde. Katika muda huo keremkerem anayemfukuza nyuki anakuwa ameshakuwa ukungu wa kijani. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa dunia ilimwona ndege huyu akiwa amekaa tu. Picha zilikuwa safi, rangi za kuvutia, na msomaji wa magazeti akajenga dhana kwamba keremkerem ni pambo la tawi.

Baadhi ya picha bora za wakati huo zilitoka kwa watu waliokaa mahali pamoja. Dkt. V. G. L. van Someren alitazama ndege wa nyumbani kwake Ngong, nje ya Nairobi, mwaka hadi mwaka, akiwa kwenye vibanda vya kujificha jirani na viota, na mwaka 1956 taarifa zake zilichapishwa Chicago katika kitabu kinene kuhusu maisha ya ndege wa Afrika Mashariki. Baada yake alikuja John Karmali, mfamasia wa Nairobi, ambaye kwangu ndiye anayestahili kutajwa zaidi kuliko anavyotajwa. Kitabu chake cha picha za ndege wa Afrika kilitoka mwaka 1980. Karmali hakuwa msafiri wa kupita. Alikuwa mwenyeji mwenye duka na majukumu, na kazi yake ya ndege ilisimama juu ya kurudi mahali pale pale hadi ndege wamzoee.

Mwanga wa kununua, yaani flashi ya umeme, ndio uliofungua mlango uliofuata. Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba mwale mfupi mno wa umeme unaweza kusimamisha risasi hewani. Eric Hosking, Mwingereza aliyepoteza jicho moja mwaka 1937 alipovamiwa na bundi akielekea kwenye kibanda chake, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuupeleka mwanga huo kwa ndege wa porini, na katika miaka ya 1950 alikwenda na misafara ya Guy Mountfort huko Doñana, kusini mwa Hispania, ambako keremkerem wa Ulaya huchimba viota kwenye mchanga. Kisha Stephen Dalton, Mwingereza mwingine, akatengeneza flashi ya 1/25,000 ya sekunde na kuiunganisha na mwale wa taa, mdudu au ndege akiukata mwale anajipiga picha mwenyewe. Kitabu chake cha 1975 kilihusu wadudu, lakini mbinu hiyo iliwafaa mno walao wadudu, kwa sababu keremkerem mwenye kiota hupita njia moja kila akirudi shimoni. Tabia ya kurudi ilikuwa imepata kifaa chake.

Sina furaha na picha zote za zama hizo. Flashi husimamisha bawa, ila huua mbingu. Nyuma ya ndege hubaki weusi wa usiku ingawa ni saa sita mchana, na buluu ya unyoya, ambayo hutegemea mwanga unatoka pembe gani, hugeuka ikawa kali na baridi. Ni picha za kweli za bawa na picha za uongo za mchana.

Wakati wapiga picha wakihangaika na mwanga, watu wengine walikuwa wamekaa na darubini na daftari, na hao ndio waliotuambia tunachokitazama. Mtafiti Hilary Fry aliwachunguza keremkerem wa koo jekundu kaskazini mwa Nigeria katika miaka ya 1960, na mwaka 1969 akaeleza kwa utaratibu jinsi wanavyomtoa nyuki sumu. Inafaa kulitazama jambo hili polepole, kwa kuwa kwa macho huisha haraka sana. Ndege anarudi na nyuki amebanwa katikati ya mwili kwenye ncha ya mdomo. Anampiga kichwa tawini, upande mmoja, mara kadhaa. Kisha anamrusha kidogo na kumshika upya kwenye mkia, anainama upande wa pili wa tawi, na kumsugua kwa nguvu juu ya gome. Anaposugua anafumba macho, kwa sababu sumu hutoka na kuruka. Mwiba unang'oka au unakamuliwa. Anampiga tena, pengine anasugua tena, halafu anamtupa hewani nusu kipimo cha kidole na kummeza kichwa kwanza. Panzi au kipepeo hasuguliwi, anapigwapigwa tu na kumezwa. Kwa hiyo ndege anajua nani ana mwiba na nani hana.

Mpiga picha asiyejua hayo atapata picha ya ndege mwenye nyuki mdomoni, apate sifa, aende zake. Anayejua atasubiri yale macho yaliyofumbwa, ambayo wahariri wengi huyatupa wakidhani ndege amekonyeza vibaya. Nimeona picha chache sana za wakati huo wa kusugua zilizoandikwa maelezo sahihi, na kwangu zina thamani kuliko mia moja za mabawa yaliyotanuka.

Bonde la Ufa, karibu na Nakuru, ndipo ilipofanyika kazi kubwa kuliko zote juu ya maisha ya kijamii ya ndege hawa. Stephen Emlen na Peter Wrege wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na wenzao, waliwatia alama keremkerem wenye paji jeupe tangu miaka ya 1970 hadi ya 1980, wakajua nani ni mtoto wa nani. Waligundua kwamba gema moja lenye matundu mengi si mji wa wageni. Ndani yake mna koo, kila ukoo una ndege 3 hadi 17, vizazi kadhaa pamoja. Wasio na kiota mwaka huo, au waliopoteza mayai, husaidia kuchimba, kuatamia na kulisha makinda, na wakiwa na uchaguzi huenda kwa ndugu wa damu ya karibu zaidi. Mwaka 1992 walieleza jambo lililowashangaza wengi: wazee wa kiume, hasa baba, humwendea kijana aliyeoa, wakamzuia kuingia shimoni kwake na kumvuruga anapomlisha mkewe chakula cha uchumba, hadi kijana anakata tamaa, anaacha kiota chake na kurudi kuwalisha wadogo zake nyumbani.

Hapo ndipo habari ya Aristotle inapopata maana. Watoto wa keremkerem kweli hurudi kwa wazazi wakiwa na chakula mdomoni, ila chakula ni cha wadogo zao, na wakati mwingine wamerudishwa kwa kusukumwa. Mtu aliyeketi chini ya gema bila alama za kutofautisha ndege angeona mtoto analeta na mzazi yupo, akahitimisha vile. Na kwa picha ya kawaida tungedanganyika vivyo hivyo. Ndege mmoja akimpa mwenzake mdudu, je, ni mume anachumbia, au mwana anasaidia? Picha haisemi. Anayesema ni yule aliyewatazama kabla ya kuinua kamera.

Kuna sehemu ya maisha yao ambayo jicho la mtu halikuwahi kuiona kabla ya kamera. Mtafiti Claire Spottiswoode alifanya kazi kusini mwa Zambia, ambako keremkerem wadogo huchimba viota kwenye dari la mashimo ya muhanga. Ndege anayewaongoza warina asali kwenda kwenye nyuki, yule tunayemsifu kwa urafiki wake na binadamu, huingia humo na kutaga yai lake, na mara nyingi huyatoboa ya mwenyeji. Kamera za mwanga usioonekana kwa macho ziliwekwa ndani, na taarifa ya 2012 ikaonyesha kilichokuwa kikitokea. Kinda la mwongozaji huanguliwa kipofu, bila unyoya, likiwa na kulabu mbili kali kwenye ncha za mdomo. Makinda ya keremkerem yakianguliwa, hilo linayapapasa gizani, linayang'ata na kuyatikisa, linapumzika, linarudia, hadi yanakufa. Wazazi wanaendelea kuleta vyakula na kulilisha lile lililobaki. Hakuna rangi katika filamu hiyo, ni kijivu na vivuli, na bado naihesabu miongoni mwa picha kubwa kabisa zilizopata kuchukuliwa za familia hii, kwa sababu inatuonyesha kitu ambacho uzuri wa tawini ulikuwa umekifunika.

Kamera za dijitali zilibadilisha hesabu. Filamu ya roli moja ilikuwa na picha 36 na kila moja ilikuwa na bei, na mtu wa Dodoma au Kisumu aliihesabu kabla ya kubonyeza. Nikon D1 ya mwaka 1999 iliondoa gharama hiyo ya filamu, ingawa kamera yenyewe ilibaki mbali na wengi. Mwaka 2016 Olympus ilitoa kamera iliyohifadhi picha za kabla ya kidole kubonyeza hadi mwisho, na mwaka uliofuata Sony ikatoa ya picha 20 kwa sekunde bila mlio wowote. Kamera za baadaye zikajifunza kulitambua jicho la ndege na kulishikilia hata akiruka. Kwa hiyo kitendo kilichomshinda mtu wa Kodachrome, keremkerem akichomoka tawini, sasa kiko mikononi mwa anayeanza.

Faida ni kubwa na sitaki kuibeza. Lakini matokeo yake ni kwamba picha imekuwa moja. Ndege amekaa pembeni, nyuki yuko hewani mbele ya mdomo uliofunguka, nyuma pako kijani laini bila kitu. Mhungari Bence Máté, aliyeshinda tuzo kuu ya mashindano ya picha za wanyamapori huko London mwaka 2010, alieneza vibanda vyenye kioo cha upande mmoja, mpiga picha anaona nje na ndege haoni ndani, na wengi wameiga. Kibanda kikiwekwa vizuri humpunguzia ndege hofu, na hilo ni jema. Shida huja pale tawi linapochomekwa na mtu kwa ajili ya mandhari, watalii wanaketi zamu kwa zamu, na wote wanaondoka na kitu kile kile. Maisha ya gema, ugomvi wa baba na mwana, vumbi la kuchimba kwa miguu, majirani wanaonyang'anyana wadudu, hayamo.

Kwa anayetaka zaidi, mahali pa kuanzia hapahitaji fedha. Tawi linalopendwa hujitangaza chini yake, pana vinyesi vyeupe na vidonge vidogo vyeusi vya magamba ya wadudu ambavyo ndege huvitapika. Kaa jua na upepo vikiwa mgongoni mwako, kwa kuwa ndege huruka na kutua akielekea upepo, hivyo atakuwa akija usoni mwako. Mbele ya gema lenye matundu usisimame. Wazazi wenye wadudu mdomoni wakikaa kwenye matawi wakipiga kelele bila kuingia, wewe ndiye unayewazuia, na makinda yanasubiri. Kwenye Luangwa huko Zambia, ambako keremkerem wekundu wa kusini hufika kuanzia Agosti maji yanapopungua na kutoboa magema kwa mamia, waongoza watalii wazoefu huleta mashua taratibu na kuitia nanga mbali kidogo, kisha hungoja mpaka ndege wasahau.

Zipo pia picha ambazo bado hazijatosha. Keremkerem wekundu hukaa mgongoni mwa tandawala, ndege mkubwa anayetembea kwenye nyasi, wakiwanasa panzi anaowafurusha, wakitumia kiumbe hai badala ya tawi, na hufuata moto wa nyika wakipenya ukingo wa moshi kuwakamata nzige wanaokimbia. Mbuga za Samburu na Turkana zinajua mambo haya vizuri. Hapo kurudi tawini hakupo, tawi lenyewe linatembea, na mpiga picha anabaki na miguu yake na subira yake.

Lakini kazi ninayoiona ni ya haraka zaidi iko Rufiji. Keremkerem wenye paji jeupe huchimba kwenye magema yaliyo wima, na magema huwa wima kwa sababu mafuriko huyakata kila msimu na kuacha ukuta mpya wa udongo. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa juu ya mto huo huo, na maji ya chini yake sasa yanakuja kwa mpango mwingine. Picha za watalii na za waongozaji zilizopigwa kutoka kwenye mashua kwa miaka mingi kabla ya hapo zimelala kwenye simu, kadi za kamera na masanduku ya slaidi, nyingi zikiwa na ndege mbele na gema nyuma. Ukihesabu matundu kwenye gema hilo, ukajua siku na sehemu ya mto, una kumbukumbu ya kundi zima. Miradi ya ramani za ndege ya Kenya na Tanzania hupokea taarifa za namna hiyo kutoka kwa mtu yeyote. Kinachotakiwa ni tarehe, jina la mahali, na picha moja pana ya gema lote, ipigwe kutoka pale pale mwaka huu na mwaka ujao.